Mwili wa Mfanyakazi Usiwe Kipimo cha Sumu

Mwezi wa Februari mwaka 1974, wafanyakazi wa mashamba ya ndizi katika Martinique, kisiwa kilicho chini ya Ufaransa katika bahari ya Karibi, waligoma. Mengi ya madai yao yalikuwa yale yale ambayo mfanyakazi wa shamba popote duniani angeyadai: mshahara wenye kutosha na kutendewa kiutu. Lakini miongoni mwake lilikuwamo dai moja ambalo mabwana wenye mashamba hawakulitilia maanani, nalo ni kwamba dawa zenye sumu walizolazimishwa kuzimwaga penye mashina ya migomba ziondolewe kabisa. Tarehe 14 ya mwezi huo, mahali paitwapo Chalvet, walijibiwa kwa risasi za askari, na mfanyakazi mmoja akauawa papo hapo. Sumu ilibaki, nayo ikaendelea kumwagwa kwa muda wa miaka karibu ishirini zaidi.

Moja ya sumu hizo yaitwa klordekoni. Ilitengenezwa ili kumwua fukusi wa migomba, mdudu yule yule ambaye ndugu zetu wa Kagera wanamjua vizuri kuliko tunavyoweza kuwaeleza. Katika visiwa vya Martinique na Guadeloupe ilitumika tangu mwaka 1972 hata mwaka 1993. Wala haiwezekani kusema kwamba hapakuwa na aliyejua. Mwaka 1975, kiwanda kilichokuwa kikiitengeneza katika mji wa Hopewell, jimbo la Virginia huko Marekani, kilifungwa kwa sababu wafanyakazi wake walikuwa wakitetemeka mikono wasiweze kuizuia, na wengine walipopimwa wakaonekana mbegu zao za uzazi zimepungua. Mto James uliopita karibu na kiwanda ukapigwa marufuku kuvuliwa samaki. Marekani ikaachana na sumu hiyo. Ufaransa yenyewe iliikataza mwaka 1990, ila wenye mashamba ya visiwani wakapewa ruhusa ya kuimalizia mpaka mwaka 1993. Yafaa msomaji alitazame vizuri neno hilo la kuimalizia, maana linatumika sana katika biashara ya sumu, na mara nyingi mahali pa kuimalizia ni kwa watu weusi.

Leo zaidi ya watu wazima tisa kwa kila kumi katika visiwa hivyo viwili wana klordekoni katika damu yao. Mwaka 2010 wataalamu waliofanya utafiti Guadeloupe walitangaza kwamba wanaume wenye kiasi kikubwa cha sumu hiyo mwilini walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata saratani ya tezi dume. Mwezi wa Desemba mwaka 2021 Serikali ya Ufaransa ilikubali kuihesabu saratani hiyo kuwa ni ugonjwa wa kazi kwa waliofanya kazi na viuatilifu. Na mwezi wa Januari mwaka 2023 mahakimu wa Paris waliokuwa wakiichunguza kesi waliifunga bila ya kumshitaki mtu hata mmoja, ingawa wao wenyewe walikiri kuwa jambo hilo ni fedheha kwa afya ya watu.

Twaieleza habari hii ya mbali kwa sababu ina swali ambalo hata sisi hatuwezi kulikwepa. Ni nani aliyeilipia sumu ile? Si maabara, wala si Wizara. Waliilipia wafanyakazi, nao waliilipia kwa miili yao. Katika karne nzima ya viwanda na mashamba makubwa, chombo cha kupimia sumu ya namna hii kimekuwa ni mtu wa mshahara mdogo: hutiwa kazini, hungojwa miaka, kisha hutazamwa ameharibika nini. Sasa kimepatikana chombo kingine, nacho ndicho tunachotaka kukizungumza leo.

Kwanza tueleze ni sumu ya namna gani. Mwili wa mwanadamu huongozwa na vichocheo, ambavyo wataalamu huviita homoni. Hivi hutoka katika tezi mbalimbali, vikasafiri kwa njia ya damu, na kila kimoja hutafuta mahali pake maalumu katika chembe za mwili, paitwapo kipokezi, kama ufunguo unavyotafuta kitasa chake. Ufunguo ukiingia, chembe hupata amri: kua, acha kukua, tengeneza yai, tengeneza mbegu. Basi zipo kemikali zilizotengenezwa na wanadamu kwa kazi nyingine kabisa, za kuua wadudu, za kulainisha plastiki, za kusafishia nguo, ambazo kwa bahati mbaya zina umbo linaloweza kuingia katika kitasa hicho. Hufungua mlango ambao haukutakiwa kufunguliwa, ama hukwama ndani yake hata ufunguo wa halali usiweze kuingia. Mtu mzima huenda asihisi kitu. Lakini mtoto aliye tumboni mwa mama yake, ambaye viungo vyake vinajengwa kwa amri hizo hizo, akipata amri ya uongo katika juma linalohusika, hakuna wa kuja kuisahihisha baadaye.

Jambo hili si la kubahatisha. Tangu miaka ya 1940 madaktari wa Marekani waliwapa wanawake wajawazito dawa iitwayo DES, ambayo ni homoni ya kike iliyotengenezwa maabara, wakidhani inazuia mimba kuharibika. Mwaka 1971 ilibainika kwamba baadhi ya mabinti waliozaliwa na akina mama hao wamepata saratani ya uke ambayo kwa wasichana wa umri wao ilikuwa haionekani. Mama alimeza kidonge, na binti akaugua alipokuwa mwanamwali.

Ugumu wa sumu hizi ni kwamba hutenda kazi kwa kiasi kidogo mno. Huko Kanada wataalamu walitwaa ziwa dogo, lijulikanalo kwa namba 260, na kwa miaka mitatu tangu 2001 hata 2003 wakalitia homoni iliyo katika vidonge vya kupanga uzazi, nanogramu tano au sita tu kwa kila lita ya maji. Nanogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara bilioni. Samaki madume wakaanza kutengeneza katika damu yao kiini cha yai, kazi ambayo ni ya majike, na aina moja ya samaki wadogo ikakaribia kutoweka ziwani. Dawa ilipokomeshwa samaki walirudi, lakini baada ya miaka. Kwa maji ya kunywa, nchi za Umoja wa Ulaya mwaka 2022 zilijiwekea kiasi cha kuangalia homoni ya estradioli: nanogramu moja kwa lita. Anayetaka kupata picha ya kiasi hicho na achukue gramu moja, aigawanye sawasawa katika mabwawa makubwa 400 ya kuogelea ya mashindano, kila moja likiwa na lita 2,500,000.

Mkemia akitaka kukitafuta kiasi kama hicho anahitaji mashine yenye thamani ya mamia ya maelfu ya dola, umeme usiokatika, gesi safi, na fundi wa kutoka ng'ambo kila inapoharibika. Na hata akiwa nayo, mashine ile humjibu lile tu alilouliza. Akitafuta DDT atapewa habari za DDT. Kemikali nyingine hamsini zilizomo katika maji hayo hayo, ambazo hakuzitaja, zitapita kimya kimya. Tena mashine hutaja kila sumu peke yake, na kila moja huenda ikaonekana iko chini ya kiwango kilichoruhusiwa, hali mwilini zimeingia zote pamoja na kusukuma mlango ule ule mmoja.

Hapo ndipo linapoingia wazo la kumwuliza kiumbe hai. Wataalamu hukiita chombo cha namna hii bayosensa, yaani kitambuzi ambacho sehemu yake moja ni uhai, na sehemu ya pili ni kitu cha kuufanya uhai huo utoe ishara inayoonekana. Wenye ugonjwa wa kisukari wanakitumia kila siku pengine bila ya kujua: kile kipimo cha tone la damu ni mjukuu wa kifaa alichokibuni Bwana Leland Clark huko Marekani mwaka 1962, alipofunga kimeng'enya katika ncha ya umeme.

Lakini kwa upande wa homoni, kitambuzi kimoja kilichopata sifa duniani hakikutoka Ulaya wala Marekani. Kilikuwa ni chura wa Afrika. Mwaka 1930 Bwana Lancelot Hogben, Mwingereza aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Cape Town, alieleza kwamba chura wa majini wa Afrika ya Kusini hutaga mayai akipigwa sindano ya maji ya tezi iliyo chini ya ubongo. Muda si mrefu wenzake wakaona kwamba hata mkojo wa mwanamke mwenye mimba humfanya chura huyo kutaga kwa saa chache tu. Kwa miaka thelathini hospitali za Ulaya na Marekani ziliagiza vyura hawa kwa maelfu ili kuwapima wanawake mimba, na uzuri wake ni kwamba chura hakuuawa, bali aliweza kutumika tena. Afrika ilitoa kipimo. Faida ya kipimo, kama ilivyokuwa desturi ya zama zile, ilihesabiwa kwingine.

Kitambuzi kinachosifiwa sasa kwa kemikali zinazovuruga homoni ni kidogo kuliko chura, nacho kimo katika kila jiko la maandazi. Ni hamira. Tuliosoma shule za misheni tulikaririshwa mfano wa mwanamke aliyeficha chachu ndani ya pishi tatu za unga, lakini hatukuota kuwa itakuja siku chachu hiyo itaulizwa habari za maji ya mto. Mwaka 1996, Bwana Routledge na Bwana Sumpter wa Chuo Kikuu cha Brunel, Uingereza, walieleza jinsi ya kuitumia hamira iliyotiwa jeni ya binadamu inayotengeneza kipokezi cha homoni ya kike. Hamira yenyewe kwa asili haina kipokezi hicho. Pamoja nacho ilitiwa jeni nyingine ya kutengeneza kimeng'enya chenye kubadili rangi. Maji yanayoshukiwa hutiwa katika sahani yenye vishimo 96, pamoja na hamira na rangi ya manjano, kisha huwekwa katika kabati la joto. Ikiwa katika maji hayo mna kitu chochote kinachoingia katika kitasa cha homoni ya kike, kiwe kinajulikana au hakijulikani, kiwe kimoja au hamsini, manjano hugeuka kuwa nyekundu. Hata macho matupu yanaweza kuona, ingawa mashine ya kusoma rangi hueleza ni kwa kiasi gani. Jibu linalotoka ni jumla: maji haya yana nguvu sawa na nanogramu kadha wa kadha za estradioli.

Uholanzi, wataalamu walichukua njia nyingine. Walitwaa chembe za binadamu zinazooteshwa maabara, wakazitia jeni ya kimulimuli, yule mdudu anayewaka usiku, hata zikawa zinatoa mwanga kila zinapoguswa na homoni. Na chura wetu naye hakusahauliwa. Mwaka 2019 Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, klabu ya mataifa tajiri, lilitoa kanuni ya kuwatumia viluwiluwi wa chura yule yule wa Afrika ya Kusini, ambao wamepewa jeni ya kuwafanya wang'ae pale mfumo wa homoni ya tezi ya shingo unapoguswa. Haya si mambo ya kujaribu tena. Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa mwaka 2018 kanuni tatu za kupima maji kwa njia hii, zenye namba 19040: mbili kwa hamira na moja kwa chembe za binadamu. Shirika la Viwango Tanzania ni mwanachama wa shirika hilo.

Hata hivyo, gazeti la Chama halina budi kusema kweli yote, wala si nusu. Mwaka 1977, katika kiwanda cha dawa za mashamba huko Lathrop, California, wafanyakazi walipokuwa wakizungumza wenyewe kwa wenyewe waligundua kwamba wake zao hawashiki mimba. Walipopimwa, wengi wakaonekana hawana mbegu. Sumu ilikuwa DBCP, dawa ya minyoo ya udongoni. Lililo baya zaidi ni kwamba tangu mwaka 1961 wataalamu wa makampuni yaliyoitengeneza walikuwa wamekwisha kuandika kwamba korodani za panya waliopewa sumu hiyo hunywea. Panya alisema mwaka 1961, na mfanyakazi akasikilizwa mwaka 1977. Na baada ya Marekani kuanza kuizuia kwake, sumu iliendelea kumwagwa kwenye migomba ya Amerika ya Kati.

Basi mtu aulize: je, hamira ya Bwana Sumpter ingeliwaokoa watu wa Lathrop? Hapana. DBCP haiigi homoni ya kike, bali huziua moja kwa moja chembe zinazozaa mbegu. Hamira ingebaki manjano, na msimamizi wa kiwanda angeitundika karatasi ya matokeo ukutani kuwa ni ushahidi wa usalama. Klordekoni ni habari nyingine, maana yenyewe huigusa kweli kweli homoni ya kike, na vitambuzi vya aina hii huiitikia. Hamira husikia mlango mmoja tu. Haina ini la kuigeuza kemikali kama ini letu linavyoigeuza, na sumu ikiwa kali kupita kiasi hamira hufa, na maiti haibadili rangi. Asiye na ujuzi atasoma kifo hicho kuwa ni usafi wa maji. Tena haitaji jina la mkosaji. Ikiisha kulia, lazima mkemia aitwe na mashine yake ili kumtafuta mwizi ni nani. Faida ni kwamba sasa mkemia ataitwa kwa sampuli tano zilizolia, wala hatapoteza fedha za umma kwa mia tano zilizonyamaza.

Lipo pia suala la mwenye mali. Hamira ile ilitayarishwa katika maabara ya kampuni ya madawa ya Glaxo. Chembe za kimulimuli zina wenyewe, na anayetaka kuzitumia hulipa leseni. Kwa kuwa ni viumbe vilivyobadilishwa jeni, kuviingiza nchini kunataka kibali chini ya kanuni zetu za mwaka 2009, nasi hatusemi kanuni hizo zivunjwe. Twasema tu kwamba nchi yenye vyuo vikuu vinavyofundisha elimu ya jeni haina sababu ya kuwa mpangaji wa milele katika nyumba ya hamira. Vijana wetu wakipewa miaka michache na fedha kidogo, wanaweza kuitengeneza ya kwetu.

Haja yetu ni ipi? Twende Vikuge, mkoani Pwani, si mbali na Dar es Salaam. Pale palikuwa na ghala la viuatilifu vilivyokwisha muda wake. Vikaondolewa, na wengi wakadhani habari imekwisha. Mwaka 2004 wataalamu wa Tanzania na Sweden waliandika katika jarida la Ambio kwamba hata baada ya kusafishwa, uchafuzi wa mahali hapo bado ulikuwa mkubwa, na moja ya sumu zilizokuwamo ni DDT. Mwaka huo huo nchi yetu iliridhia Mkataba wa Stockholm, unaoibana DDT ila kwa kazi ya kuua mbu wa malaria. Sisi si miongoni mwa wanaoibeza kazi hiyo, maana malaria huua mtoto leo, wala haingoji awe mtu mzima. Lakini twajua kwamba huko Limpopo, Afrika ya Kusini, wataalamu walioandika mwaka 2010 waliona kwamba mama aliyeishi katika kijiji kilichopuliziwa DDT alikuwa na uwezekano zaidi, kwa theluthi moja, wa kuzaa mtoto wa kiume mwenye kasoro katika viungo vya uzazi na mkojo. Hayo ni mambo mawili ya kupimwa kwa pamoja, na hayawezi kupimwa na asiye na kipimo. Vivyo hivyo endosulfani, ambayo wakulima wengi wa kahawa na pamba wanaikumbuka kwa jina la Thiodan: iliingizwa katika orodha ya Mkataba mwaka 2011, lakini udongo hausomi orodha.

Wapo watakaosema kwamba hizi ni anasa za nchi tajiri, na kwamba taifa ambalo bado linatafuta maji ya bomba vijijini halina nafasi ya kuhesabu nanogramu. Twawaheshimu wasemao hivyo, kwa kuwa haja ya bomba ni ya kweli. Lakini kabati la joto, sahani za plastiki na mfuko wa hamira si anasa, na bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na mashine ambazo tumekuwa tukizipokea kwa misaada, nazo zikalala chini ya vitambaa kwa kukosa kipuri. Tena anayekunywa maji ya mto uliopita katikati ya mashamba yanayopuliziwa dawa kila juma ndiye hasa asiye na bomba.

Kwa hiyo twatoa rai. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, pamoja na mamlaka zinazosimamia viuatilifu na maji, ziweke meza ya vipimo vya uhai, zikianza na kanuni zile za 2018. Sampuli za kwanza zichukuliwe Vikuge, na katika mito inayopokea maji ya mashamba ya maua ya Arusha na Kilimanjaro, na katika maji machafu ya viwanda vyetu vya nguo. Matokeo yabandikwe katika ubao wa kijiji na katika lango la kiwanda, kwa Kiswahili, siku ile ile yanapofika kwa mwajiri. Na vyama vya wafanyakazi, vinapokaa mezani kuandika mikataba ya hali bora, viandike humo kwamba maji ya kunywa na ya kunawia mahali pa kazi yatapimwa kwa njia hii kila mwaka kwa gharama ya mwajiri, na kwamba mfanyakazi atakayeshuku dawa aliyopewa anayo haki ya kupeleka sampuli yake mwenyewe maabara bila ya kupoteza kazi. Wenzetu wa Chalvet waliidai haki hiyo bila ya kuwa na kipimo mkononi. Mkutano ujao wa majadiliano ya mikataba ya mashambani ungekuwa mahali pazuri pa kuanzia, na gazeti hili litafuatilia ni chama gani kimelipeleka dai hilo mezani na ni mwajiri gani amelikataa.